Mtoto Umleavyo: Kisa cha Watoto 25 wa Davenport

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hiyo kila mmoja wetu kaimeza tangu shule ya msingi, na hakuna aliyethubutu kunyosha kidole amuulize mwalimu ushahidi uko wapi. Ni methali, basi, imekwisha. Lakini huko Marekani, katika jimbo la Iowa, watu wazima wenye digrii zao waligombana karibu miaka 30 juu ya maneno hayohayo manne. Waliumbuana katika majarida, wakachekana mikutanoni, na mwishowe jibu likatolewa na watoto 25 wa makao ya yatima ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwa mashahidi.

Historia ya Marekani tuliyofundishwa sekondari ilikuwa ya vita, marais na biashara ya watumwa. Nyumba ya yatima haimo. Ndiyo maana, msomaji mwenzangu, nimeona nikusimulie kisa hiki, hasa wewe unayejifunza kuandika kama mimi, kwa kuwa kwa kiasi kikubwa ni kisa cha watu walioandikwa vibaya kwenye mafaili.

Tuanze na mahindi na nguruwe. Iowa ni jimbo la wakulima. Serikali yake ilikuwa ikitoa fedha wataalamu wachunguze mbegu bora na namna ya kunenepesha nguruwe, na matokeo yakaonekana shambani. Katika mji wa Des Moines palikuwa na mama mmoja, Cora Bussey Hillis, aliyezaa watoto watano na kuwazika watatu. Mama huyu akauliza swali ambalo wabunge walipata taabu kulijibu: ikiwa utafiti unaweza kumboresha nguruwe, kwa nini usifanyiwe mtoto? Aliwaganda wanasiasa kwa miaka mingi. Mwaka 1917 bunge la jimbo likakubali, likatenga dola 25,000 kwa mwaka, na chuo kikuu kilichoko Iowa City kikaanzisha Kituo cha Utafiti wa Ustawi wa Mtoto. Bibi Hillis alifariki mwaka 1924, kabla hajajua kituo chake kitakuja kuzua rabsha ya namna gani.

Rabsha yenyewe huwezi kuielewa bila kujua wasomi wa wakati ule waliamini nini. Mfaransa Alfred Binet alitunga kipimo cha akili mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada darasani. Kipimo kikavuka bahari. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akakirekebisha, na kufumba na kufumbua kikawa mhuri. Alama 100 ndiyo wastani. Chini ya 70, wewe ni mpungufu wa akili. Na upungufu huo, wakasema, umezaliwa nao, umeurithi, utaufia. Nchi nzima ilikwenda na imani hiyo. Majimbo kadhaa, Iowa ikiwamo, yalitunga sheria za kuwafunga uzazi watu waliohesabiwa kuwa wapungufu, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema ruksa, sheria za namna hiyo hazivunji katiba. Kwa hiyo namba ile haikuwa mchezo. Mtu angeweza kufungiwa maisha kwa ajili yake, na kunyimwa hata haki ya kuzaa.

Sasa twende Davenport, mji ulioko ukingoni mwa mto Mississippi. Hapo palikuwa na makao makubwa ya yatima ya jimbo, yaliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa askari waliokufa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Kufika miaka ya 1930, ya njaa na ukosefu wa kazi, yalikuwa yamefurika, na wengi wa watoto hawakuwa tena wa askari. Watoto wachanga walilazwa katika vitanda vya nondo vyenye mashuka yaliyotandazwa ubavuni, kiasi kwamba mtoto haoni kitu ila dari. Walilishwa kwa saa, wakabadilishwa nepi kwa saa. Wakikua kidogo wanahamishiwa katika nyumba ndogondogo, watoto 30 hadi 35 ndani ya nyumba moja, chini ya matroni mmoja akisaidiwa na wasichana watatu au wanne wasio na mafunzo. Hebu piga hesabu mwenyewe, matroni huyo atampakata nani? Hakuwa mtu mbaya. Mikono yake ilikuwa miwili tu.

Hapo ndipo anapoingia Harold Skeels, mwanasaikolojia kijana wa kile kituo cha Bibi Hillis, ambaye jimbo lilimpa kazi ya kuwapima akili watoto wa makao yake. Kazi ilikuwa rahisi kwa maelezo: pima, andika namba, mwenye namba nzuri atafutiwe wazazi wa kumwasili, mwenye namba mbaya apelekwe kwenye kituo cha wapungufu wa akili.

Wakaletwa mbele yake watoto wawili wa kike, mmoja wa miezi 13 na mwenzake wa miezi 16. Walikuwa wamekondeana, makamasi yanawatiririka, nywele zimepauka, na shughuli yao ya kutwa ilikuwa kujitikisa mbele na nyuma huku wakinung'unika. Daktari hakuona ugonjwa wowote zaidi ya utapiamlo. Kipimo kikasema 46 kwa mmoja na 35 kwa mwingine. Skeels akaandika alichotakiwa kuandika, na watoto wale wakahamishiwa Woodward, kituo cha jimbo cha watu wenye mtindio wa ubongo. Wakawekwa katika wodi ya wanawake wa kati ya miaka 18 na 50, ambao wenyewe vipimo vilisema akili zao ni za watoto wa miaka mitano hadi tisa. Na hapo kwa kawaida hadithi ya mtoto wa namna hiyo ilikuwa imefungwa.

Miezi sita baadaye Skeels akapita katika wodi ile kwa kazi nyingine. Akawaona vitoto viwili vya kike vinakimbiakimbia, vinacheka, vina afya. Hakuvitambua! Alipoambiwa ndio walewale wa Davenport hakuamini, akawapima upya. Yule wa 46 amefika 77. Yule wa 35 amefika 87. Akadhani ni bahati tu, akawaacha palepale, akapima tena baada ya mwaka na zaidi. Walipokaribia umri wa miaka mitatu na nusu walikuwa na 95 na 93, yaani watoto wa kawaida kabisa, kama mimi na wewe.

Kumbe kulikuwa na nini Woodward? Hapakuwa na dawa wala mwalimu bingwa. Palikuwa na wanawake wasio na mtoto wa kumlea, na watoto wasio na mtu. Wale wanawake waliwagawana. Kila mtoto akawa na mama mmoja aliyemganda hasa, na nyuma yake mashangazi kibao. Walimbeba, walimwimbia, walimsuka, walimfundisha kutembea kwa kumshika mkono, walimgombania. Wauguzi nao wakaingia mkumbo: siku zao za mapumziko wakawachukua kwenda nao madukani, wakawanunulia vitabu vya picha na midoli. Mtoto ambaye Davenport alikuwa mmoja kati ya 35, hapa alikuwa mfalme wa wodi.

Skeels akapata wazo ambalo mtu akilisikia leo bado anashtuka. Aliwaomba wakubwa wa jimbo ruhusa ya kuwatoa watoto wengine wadogo walioonekana wamedumaa na kuwapeleka wakalelewe na wanawake walioitwa wapungufu, ili wapate akili. Fikiri ukimpelekea katibu mkuu wa wizara barua ya namna hiyo! Lakini makao yalikuwa yamejaa, na watoto wenyewe walikuwa tayari wamehesabiwa hasara. Wakakubali, kwa sharti kwamba watoto wabaki kwenye daftari la Davenport na wahesabiwe kuwa wageni tu. Mwishowe wakafika 13, wasichana 10 na wavulana 3, na kituo kinachotajwa zaidi ni Glenwood, kusini magharibi mwa jimbo. Wastani wa alama zao walipoingia ulikuwa 64. Walikaa huko, wengine miezi sita, wengine hadi zaidi ya miaka minne. Kila mmoja alipanda. Aliyepanda kidogo aliongeza alama 7. Aliyepanda sana aliongeza 58.

Kuna jambo dogo kuhusu Glenwood ambalo kila nikilikumbuka nacheka peke yangu. Tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wao, palifanyika maonyesho ya watoto. Kila nyumba ilimleta mtoto wake, amevishwa akavishika, na wanawake wakabishana nani kamlea vizuri zaidi. Yaani watu ambao serikali iliwaona hawafai hata kuzaa, walikuwa wakishindania ulezi bora mbele ya wakubwa wa kituo.

Sasa huku upande wa pili. Ili kujua kama wale 13 wamebadilika kwa malezi, ilibidi wapatikane wa kulinganishwa nao. Skeels akarudi kwenye mafaili ya Davenport, akawatoa watoto 12 wa umri unaokaribiana, waliobaki palepale katika makao. Hakuna aliyewaweka huko kwa ajili ya jaribio, hilo lazima lisemwe. Walikuwapo tu, kama mamia ya wenzao, na kwa sababu za kifamilia, za afya au za kisheria hawakuwa wamepata wazazi wa kuwaasili. Hao 12 walikuwa wameanza vizuri kuliko wale 13. Wastani wao walipokuwa na umri wa mwaka na nusu hivi ulikuwa 86. Walipopimwa tena miaka kadhaa baadaye ulikuwa 60. Walioanza na akili wamezipoteza, na walioanza bila akili wamezipata. Soma tena sentensi hiyo polepole, maana ndiyo iliyowachoma wakubwa wa taaluma.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1939, na hapo rabsha ikaanza. Terman wa Stanford na wenzake walikuja juu. Watoto ni wachache mno, walisema, na hapo walikuwa na hoja. Kipimo cha mtoto wa mwaka mmoja hakiaminiki. Hapo nako walikuwa na hoja. Lakini hawakuishia kwenye hoja. Waliwafanya watu wa Iowa kichekesho: ati wanawake punguani wamefaulu pale ambapo walezi wa kulipwa wameshindwa! Nadhani hilo ndilo lililowauma kuliko takwimu. Ukishajenga jina lako juu ya imani kwamba akili ni kama urefu wa pua, halafu akatokea mtu na kusema mama fulani wa Glenwood asiyejua kusoma ameiongeza kwa kupakata, utafanyaje? Utacheka kwa sauti kubwa ili watu wasikusikie ukiwaza.

Na kicheko kilishinda. Vita Kuu ya Pili ikamchukua Skeels jeshini, na baada ya vita hakurudi tena Iowa. Kazi ile ikabaki katika maktaba ikisomwa kama mfano wa utafiti uliokwenda kombo. Mwenzake Marie Skodak, ambaye alikuwa akiwafuatilia watoto 100 walioasiliwa wakiwa wachanga, aliendelea na kuonyesha mwaka 1949 kwamba watoto wale, pamoja na kwamba mama zao wengi walikuwa na alama za chini, walikua na akili za kawaida na zaidi. Hilo nalo lilibishiwa.

Hapa ndipo ninapouheshimu utafiti wa muda mrefu, ingawa si kazi ya kusisimua. Ubishi ule usingemalizwa na makala nyingine, wala mjadala mwingine, wala kipimo kipya. Ulikuwa unahitaji watoto wakue. Mnamo mwaka 1961, baada ya zaidi ya miaka 20, Skeels, sasa mtu wa makamo, alirudi kuwatafuta. Wengine walishabadilishwa majina na wazazi waliowaasili, wengine walihamia majimbo ya mbali, wengine hawakujua kama wamewahi kupita Glenwood. Aliwapata wote 25. Wote! Mtu yeyote aliyewahi kumtafuta mtu aliyesoma naye darasa la saba ajue hiyo ni kazi ya namna gani.

Wale 13, ambao 11 kati yao walikuwa wameasiliwa baada ya kutoka Glenwood, hakuna hata mmoja aliyekuwa mzigo wa serikali. Wote walijitegemea. 11 walikuwa wameoa au kuolewa. Wengi walimaliza sekondari, wanne walifika chuo. Walikuwa wamezaa jumla ya watoto 28, na watoto hao walipopimwa wastani wao ulikuwa 104. Hiyo damu mbaya ilikimbilia wapi?

Wale 12. Mmoja alikufa angali kijana mdogo, hajawahi kutoka nje ya kituo cha wapungufu. Wanne walikuwa bado wamo ndani ya vituo. Kwa wastani elimu yao haikufika darasa la tatu. Waliokuwa na kazi, wengi waliosha vyombo au kufanya vibarua vya namna hiyo. Wawili tu waliwahi kufunga ndoa. Skeels, kwa kuwa wakubwa husikia lugha ya fedha haraka zaidi, alipiga pia hesabu ya gharama: jimbo lilikuwa limetumia kiasi cha dola 30,000 kwa wale 13 wote pamoja tangu utoto, na zaidi ya dola 138,000 kwa wale 12.

Kati ya hao 12 kuna mmoja anayefahamika katika ripoti kama namba 19. Ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Huyu alivunja mstari. Alikuwa mpanga herufi wa gazeti, fundi wa kuchapa, mwenye mke, watoto wanne na nyumba yake, na kipato chake kilikuwa juu sana kuliko cha wenzake. Alikuwaje yeye? Masikio yake yalikuwa mabovu. Alipokuwa mdogo, mwanafunzi mmoja wa shahada ya udaktari alikwenda Davenport kufanya mazoezi ya lugha na kikundi kidogo cha watoto, kuwasomea, kuongea nao, kuwatembeza, na namba 19 akabahatika kuwamo. Kisha, kwa sababu ya masikio, akapelekwa shule ya viziwi. Huko alikuwa miongoni mwa wadogo kabisa, tena hana kwao pa kwenda likizo, na matroni wa bweni akampenda akamfanya kama mwanawe. Basi. Ugonjwa wa masikio ndio uliomwokoa, kwa maana ndio uliomtoa mahali asipokuwa na mtu ukampeleka mahali alipokuwa na mtu.

Nawafikiria wale 11 waliobaki ambao masikio yao yalikuwa mazima.

Skeels alichapisha hayo mwaka 1966. Miaka miwili baadaye, 1968, yeye na Skodak walipewa tuzo kubwa huko Chicago, na mmoja wa watu waliosimama jukwaani usiku ule alikuwa mmoja wa wale watoto 13, sasa mtu mzima ndani ya suti. Skeels alifariki mwaka 1970. Kwa upande wake angalau haki ilichelewa lakini ilifika. Kwa namba nyingine katika orodha ilikuwa imechelewa mno.

Wakosoaji walibaki na neno moja ambalo huwezi kulipuuza: watoto hawakugawanywa kwa kura. Nani ajuaye, labda wale 13 walikuwa na kitu fulani tangu mwanzo? Swali hilo lilikuja kujibiwa mbali sana na Iowa, nchini Romania, na kwa sababu ya msiba. Mwaka 1966, mwaka uleule wa ripoti ya Skeels, serikali ya Nicolae Ceauşescu ilipiga marufuku utoaji mimba ili taifa liongezeke watu. Familia maskini zikazidiwa, na dola ikawaambia wazazi ilete watoto, sisi tutalea. Ceauşescu alipoanguka Desemba 1989, waandishi wa habari waliingia katika vituo vile na kamera zao, na dunia ikaona kitanda baada ya kitanda, na vitoto vinavyojitikisa mbele na nyuma. Wale wawili wa Davenport, lakini sasa kwa makumi ya maelfu.

Mwaka 2000 Wamarekani watatu, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kazi yao mjini Bucharest. Walichukua watoto 136 wa kati ya miezi 6 na 31 kutoka vituo sita. Kwa kura, 68 walipelekwa katika familia za malezi ya kambo, yaani familia zinazolipwa kumlea mtoto nyumbani kama wao. 68 waliendelea na utaratibu wa kawaida wa serikali. Sasa utauliza, hivi hiyo si dhambi, kumpigia mtoto kura ya bahati yake? Mimi swali hilo lilinikera siku kadhaa. Majibu yao ni kwamba familia za namna hiyo karibu hazikuwapo Bucharest, wao ndio waliozitafuta na kuzilipa. Na kwamba hakuna mtoto aliyezuiwa kutoka kituoni, akipata familia anaondoka siku hiyohiyo, kura au si kura. Ni majibu ya kweli. Bado sina hakika kama ningeweza kushika karatasi zile za kura kwa mkono wangu.

Matokeo yalitoka mwaka 2007. Watoto walipofika miezi 42, waliokwenda kwenye familia walikuwa na wastani wa alama 85, waliobaki 77, na watoto wa mitaani mwa Bucharest waliokulia kwao tangu kuzaliwa 103. Tena aliyehamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili alifaidika kuliko aliyechelewa. Skeels angetabasamu na kununa kwa wakati mmoja: kupakatwa kunaponya, ila hakuponyi kila kitu, na saa inakwenda. Watoto hao wamefuatiliwa hadi utu uzima. Romania yenyewe haikungoja. Kwa sheria ya mwaka 2004 ilikataza mtoto wa chini ya miaka miwili kuwekwa kituoni, isipokuwa mwenye ulemavu mkubwa.

Nikifika hapa najua kuna msomaji wa Moshi au Bungoma anayetikisa kichwa. Kwetu tunavijua vituo vya yatima vilivyoanzishwa na masista, na akina mama wa kanisani, na mzee mmoja mwenye nyumba kubwa na huruma, na tunawajua waliotoka humo wakawa watu. Na tunawajua pia waliolelewa kwa ndugu wakageuzwa vijakazi. Msomaji huyo ana ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walifuatilia yatima wa miaka 6 hadi 12 katika nchi tano: Tanzania, huko Kilimanjaro, Kenya, hukohuko Bungoma, halafu Ethiopia, India na Kambodia. Zaidi ya 1,300 waliishi vituoni na zaidi ya 1,400 waliishi kwa ndugu na jamii. Mwaka 2009 walitangaza kwamba wa vituoni hawakuwa na hali mbaya zaidi, si kiafya wala kiakili.

Wapo waliosema basi, Iowa na Bucharest zimekanushwa. Mimi sioni hivyo. Mtoto wa miaka 6 au zaidi ni mwingine kabisa. Wengi wa namna hiyo walishanyonya, walishabebwa mgongoni, walishamjua bibi au dada kabla ya msiba kuwafikisha kituoni. Namba 19 naye alipona ndani ya bweni, hakupona ndani ya familia. Nikizisoma tafiti hizi pamoja naona zinauliza kitu kilekile: je, yupo mtu mmoja ambaye mtoto huyu akilia anajua ni wake? Akiwepo ndani ya kituo, sawa. Asipokuwepo hata ndani ya nyumba ya baba mdogo, ni Davenport hiyohiyo yenye paa lingine.

Limebaki jambo moja. Watoto 25 walifuatiliwa mpaka utu uzima, kila mmoja na ukurasa wake. Wanawake wa Woodward na Glenwood hawakufuatiliwa. Katika ripoti hawana hata namba. Walipokea watoto waliohesabiwa wafu, wakawafufua, kisha mtoto akishapanda alama akachukuliwa kwenda kuasiliwa na familia ya mjini, na yule aliyemfundisha kusema mama akabaki wodini. Hakuna aliyerudi kumpima yeye. Hakuna aliyejiuliza kwamba labda na yeye, miaka 20 nyuma, alikuwa kitoto cha Davenport kinachojitikisa, akapewa namba, na hakuna aliyepita tena wodini kwake kwa bahati.

Nikija kuandika riwaya ya watu hawa, itaanza tarehe 5 Julai asubuhi. Maonyesho yamekwisha jana. Gari la jimbo limesimama nje, na ndani mwanamke mmoja anamvalisha mtoto viatu taratibu sana, anafunga kamba, anafungua, anafunga tena.